Hirola ni wa nani? Kesi ya Garissa ambayo imekataa kunitoka kichwani

"Mwanangu, yule si kongoni. Hebu mwangalie vizuri machoni."

Mzee aliyekuwa anatuendesha alikuwa ashazima gari. Tulikuwa Tsavo East, saa mbili asubuhi, jua bado halijaanza kuuma, na mimi nilikuwa nishapiga picha mbili tatu za haraka nikarudisha simu mfukoni kwa sababu nilidhani ni kongoni wengine tu, na kongoni tulikuwa tumewaona wa kutosha. Akanipa darubini yake. Wanyama wanne wa rangi ya mchanga, wanakula karibu na kundi la kongoni lakini wamejitenga kidogo. Mmoja akageuza uso. Kuna mstari mweupe unatoka jicho moja hadi jingine, utadhani amevaa miwani, na chini ya kila jicho kuna tezi nyeusi imetuna, kwa mbali inakaa kabisa kama jicho la pili. Ndiyo maana wengine humwita swala wa macho manne. Pembe zina pete pete, zimepanda juu zikapinda kama mikono ya mtu anayeomba dua. Mkia mweupe unafukuza nzi, polepole.

Hirola.

Nikauliza wako wangapi humu. Mzee akasema ni wachache, ukiwaona una bahati. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekuonyesha njia ya choo: "Hawa waliletwa. Kwao ni Garissa. Na watu wa Garissa walienda kortini kuwakatalia."

Akawasha gari tukaendelea. Mimi nilibaki pale.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata kuhusu hiyo kesi, nimebadilisha msimamo mara mbili, nimemsumbua rafiki yangu mzaliwa wa Masalani, huko Garissa, mpaka nahisi ameanza kuogopa simu yangu, na bado sijatulia. Kwa hivyo naandika.

Oda ya 1996

Hirola hana ndugu. Simaanishi ni mpweke, namaanisha kwenye ukoo wa kisayansi, ile jenasi yake, aliyebaki duniani ni yeye peke yake. Kwao ni lile eneo kati ya mto Tana na mpaka wa Somalia. Miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu, zaidi ya elfu kumi. Katikati ya miaka ya 1980 wakaporomoka, sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ikawapiga, ukame ukafuata, na bunduki nazo zilikuwa zimejaa upande ule. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500.

Tayari mwaka 1963 kundi dogo lilikuwa limepelekwa Tsavo kama akiba, na ilipofanywa hesabu mwishoni mwa 1995 walipatikana 76. Mwaka uliofuata ikaamuliwa wapelekwe wengine. Na 29 kweli walifika Tsavo.

Lakini katikati ya hiyo shughuli wakazi wachache, kwa niaba yao na ya jamii yao, walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, wakiomba lizuiwe kumwondoa hirola Arawale, hifadhi iliyoko huko Garissa. Ukitaka kuelewa uzito wa hilo, kumbuka miaka saba tu kabla ya hapo Wangari Maathai alienda korti kuzuia jengo refu lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, akaambiwa hana haki ya kusimama mbele ya mahakama, kwa sababu yeye binafsi hakuonyesha amedhurika vipi. Sasa hawa wanakuja kusimama kwa ajili ya swala!

Na walisikilizwa.

Nimesoma maelezo ya ule uamuzi mara nyingi kuliko ninavyosoma barua zangu mwenyewe. Hoja yake kwa lugha yetu ya kawaida ni hivi: kwa mila ya watu wa pale, mwenye haki ya kutumia ardhi ana haki pia na matunda ya ile ardhi, na matunda ni pamoja na mimea na wanyama walioko juu yake, isipokuwa kama kuna sheria imebadilisha hilo. Halafu, kazi ya shirika kisheria ni kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili. Kumtoa mnyama pale alipo bila ridhaa ya wenyewe ni kuvuka mipaka ya kazi hiyo.

Zuio likatolewa.

Kitu kilichonishika hapo ni hayo maneno "hali ya asili". Mimi miaka yote nimeyasoma kama mapambo ya sheria tu, vile wanasheria wanapenda kurefusha sentensi. Korti iliyachukua kama yalivyo. Kwamba mahali ni sehemu ya mnyama. Kwamba hirola akiwa Tsavo bado ni hirola, ndiyo, lakini kuna kitu cha hirola kimebaki Arawale. Rafiki yangu aliniambia hata jina la Arawale lenyewe limetokana na arawla, jina la Kisomali la mnyama huyu. Fikiria unamhamisha mnyama kutoka mahali palipoitwa kwa jina lake.

Nilivyokuwa nafikiri mwanzoni

Msimamo wangu wa kwanza, na sitaki kuuficha, ulikuwa upande wa wanaohamisha. Kabisa. Mnyama amebaki mmoja wa aina yake duniani, nyumba inaungua, wewe unakuja na oda ya korti kumzuia anayetoa watoto nje? Niliona jamii ile imeshinda kesi huku mnyama anashindwa. Hirola wa Garissa waliendelea kupungua baada ya zuio. Hilo halina ubishi na ndilo lililonifanya nikae macho usiku wa kwanza nikijiuliza kama kuna haki inayostahili kuitwa haki ikiwa mwisho wake ni mnyama kutoweka.

Halafu nikakumbuka vifaru.

Julai 2018, vifaru weusi 11 walihamishwa kupelekwa Tsavo East hiyo hiyo. Walikufa wote kumi na mmoja. Maji ya kule yana chumvi nyingi, wanyama waliozoea maji matamu wanakunywa, chumvi inazidi mwilini, kiu inaongezeka, wanazidi kunywa. Nakumbuka siku habari ilipotoka nilivyojisikia, ile hasira isiyojua pa kwenda. Lakini ni juzi tu nilipounganisha hizi stori mbili. Tunapozungumzia kuhamisha tunazungumza kama vile mahali ni sanduku, unatoa kitu kwenye sanduku moja unaweka kwenye lingine. Kumbe maji yana ladha yake. Nyasi zina aina zake. Kupe wa huku si wa kule.

Na hao hirola wa Tsavo wenyewe, miaka yote tangu 1963, pamoja na walioongezwa 1996, hawajawahi kuongezeka wakawa kundi kubwa. Wapo, nawashukuru kwa kuwepo, niliwaona kwa macho yangu. Lakini hawajapaa.

Kwa hivyo ile picha yangu ya nyumba inaungua haikuwa sawa. Nje nako hakuna uhakika.

Ng'ambo ya mto

Rafiki yangu ndiye alinielekeza kwenye kesi nyingine, akaniambia kama unasoma hiyo ya hirola usiache ya nyani wa Tana. Nikamwambia sijawahi kuisikia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ndiyo shida yenu watu wa kuja na kurudi.

Basi. Kwenye misitu myembamba ya kandokando ya mto Tana, huku chini, kuna aina mbili za nyani, mbega mwekundu na mangabei, ambao hawapatikani popote pengine. Hifadhi yao ilitangazwa mwaka 1976. Misitu hiyo hiyo ndiyo shamba, dawa, mtumbwi na mzinga wa asali wa Wapokomo na jirani zao. Wananchi wakaenda kortini wakasema hii hifadhi iliwekwa bila kufuata utaratibu, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Miaka thelathini ya hifadhi ikatikisika kwa sababu ya kilichorukwa mwanzoni.

Hapa nilikwama siku kadhaa.

Kwa sababu angalia. Garissa watu walienda korti kusema mnyama asiondolewe. Tana watu walienda korti kusema hifadhi ya mnyama iondolewe. Ukisoma haraka utasema mmoja ni rafiki wa wanyama na mwingine ni adui. Nilisema hivyo pia. Lakini ukizisoma zote mbili kwa utulivu, swali lililo mbele ya jaji ni lile lile moja: mlituuliza? Na mara zote mbili jibu lilikuwa hapana. Mnyama alikuwa tu amesimama katikati.

Na halijazeeka hilo swali. Januari 2025 mahakama ya Isiolo imeamua kwamba hifadhi mbili za jamii ziliwekwa kinyume cha sheria, na ukiichambua kesi unafika pale pale, wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hifadhi *za jamii*, jamani. Sasa hivi Katiba ya 2010, Ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda korti kuhusu mazingira bila kuonyesha kwamba ameumia yeye binafsi, mlango ule Wangari alifungiwa sasa uko wazi, kwa hivyo kesi hizi zitazidi kuja. Tuzizoee.

Mstari kwenye ramani

Nikataka kujua kama ni sisi tu. Nikaishia kwa Wamarekani na mbwa mwitu wao, wale wa kijivu, si hawa wetu wenye madoa.

Sheria yao ya mwaka 1973 inaruhusu kulinda kundi la mnyama la eneo fulani hata kama mahali pengine mnyama huyo yuko wa kutosha. Inaonekana busara, na ni busara, lakini hapo ndipo ugomvi unapoanzia kwa sababu lazima mtu achore mstari: kundi hili linaishia wapi? Mwaka 2009 mbwa mwitu wa milima ya kaskazini walitolewa kwenye ulinzi ndani ya Montana na Idaho, ila wale wa Wyoming wakabaki wanalindwa. Kundi lile lile! Mbwa mwitu anavuka bonde usiku anabadilika kisheria. Agosti 2010 Jaji Donald Molloy akasema haiwezekani, huwezi kukata kundi moja kwa mpaka wa majimbo, ukalinda nusu. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha kifungu ndani ya sheria ya bajeti na kuwatoa kwenye ulinzi hata hivyo.

Halafu dubu wa grizli wa Yellowstone. Walitolewa kwenye ulinzi 2017, na 2018 korti ikawarudisha. Waliofungua kesi ni pamoja na Wakrow, wenyeji wa asili wa nchi ile. Moja ya sababu za jaji ni kwamba wahusika waliangalia kundi la Yellowstone peke yake bila kufikiria kuliachia kutaathiri vipi makundi mengine ya dubu huyo huyo kwingine.

Hiyo ya mwisho ilinirudisha nyumbani. Kwa sababu kwetu tumefanya kinyume chake: tulihesabu hirola wa Tsavo na wa Garissa kama fungu moja, kama pesa kwenye akaunti mbili, ukitoa huku ukiweka kule jumla ni ile ile. Wale wazee waliokwenda kortini hawakuwa wanahesabu jumla. Walikuwa wanasema kundi hili ni la hapa.

Babu yake rafiki yangu alikuwa na msemo wake wa kuchunga, ukiona arawla wanakula mahali, peleka ng'ombe kesho yake. Wanapenda nyasi zile zile. Yaani kwa mzee yule hirola alikuwa habari ya malisho inayotembea kwa miguu minne. Ukimpeleka Tsavo hakuna fidia ya kitu kama hicho, wala sijui ungeiandika vipi kwenye hati ya mashtaka.

Zuio halioteshi nyasi

Hapa ndipo nimefikia, na hapa ndipo panaponiuma.

Zuio la 1996 lilisema usimwondoe. Halikusema mfanyie nini anayebaki. Na korti haikuombwa hilo, siwezi kuilaumu. Lakini miaka ikapita. Tembo wa upande ule walikuwa wamewindwa mpaka wakaisha, na tembo ndiye mkata miti, yeye ndiye anavunja vichaka na kuacha mbuga wazi. Bila yeye, na mifugo ikizidi juu ya nyasi zilizobaki, vichaka vikafunga. Watafiti, akiwemo Abdullahi Ali ambaye ni mtoto wa Garissa, wamelinganisha picha za setilaiti za tangu miaka ya 1980 wakaonyesha jinsi miti ilivyomeza nyasi kwenye makazi ya hirola. Hirola ni mla nyasi. Hali majani ya vichaka. Alikuwa nyumbani kwao, korti imemthibitishia ni kwao, na nyumba ikawa inafungwa mlango mmoja baada ya mwingine akiwa ndani.

Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 ilipotoka ilikuwa na kile kifungu cha 92, ukimuua mnyama aliye hatarini kutoweka ni faini isiyopungua milioni 20 au kifungo cha maisha. Ni sawa. Lakini kichaka utakifunga jela gani? Sotoka ungeipeleka korti ipi? Wanyama wengi hivi wanakufa kwa mambo yasiyo na mshtakiwa, na sheria bila mshtakiwa inakaa kimya tu imeshika kalamu.

Kilichobadilisha mambo kidogo kilikuja baadaye na hakikutoka kwa jaji. Ni Ishaqbini, hifadhi ya jamii huko Ijara, hapo kwao. Wenyeji walikubali kutenga ardhi yao, na mwaka 2012 ukawekwa uzio wa kuzuia simba na wanyama wengine wawindaji na hirola 48 wakaingizwa ndani. Miaka michache baadaye walikuwa wamezidi mia. Hawakupelekwa mbali. Waliohamishwa walihamishwa ndani ya nchi yao, kwa ridhaa ya watu wao.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimepata jibu, nikaanza kuandika hii makala kwa furaha kabisa na kichwa cha habari kilikuwa kingine. Ridhaa kwanza, mengine yatafuata.

Halafu nikahesabu miaka.

1996 hadi 2012 ni miaka kumi na sita. Ridhaa ya kweli inachukua muda, inataka vikao, inataka wazee wakubaliane na vijana, inataka mvua inyeshe watu warudi nyumbani ndio mkutane. Naiheshimu. Lakini mnyama mwenye mia chache duniani hana muda huo, kila ukame ni kamari. Siwezi kusema jaji alikosea, nimejaribu na sikuweza. Siwezi pia kusema wale waliotaka kuhamisha wote walikuwa watu wabaya, walikuwa wanaona saa inakimbia na hofu yao ilikuwa ya haki. Ninachoweza kusema ni kwamba walioshinda kesi walistahili mtu awafuate siku ya pili asubuhi awaulize, haya, mmesema abaki, tunabaki naye vipi? Badala yake naona kama kila upande ulirudi nyumbani na karatasi zake.

Swali nililomtumia rafiki yangu

Wiki iliyopita nikamwandikia. Nilimuuliza moja kwa moja, bila kuzunguka: ikitokea ukame mkali, wamebaki kumi huko kwenu, na mtu anakuja na fomu ya kuwahamisha, utasaini?

Alama mbili za buluu zikatokea. Amesoma. Hakujibu siku hiyo, wala iliyofuata. Nikaanza kujilaumu, nikaona nimemuuliza mtu swali la msiba kabla ya msiba.

Siku ya tatu akanirekodia sauti. Upepo mwingi, mbuzi wanasikika nyuma, na mtu anamwita kwa mbali.

"Ndugu yangu, hilo swali nimelipeleka kwa wazee, si la kwangu peke yangu. Na wao wana swali kwako. Mbona unatuuliza ya wakiwa kumi? Saa hii bado wako. Njoo tuulize saa hii. Barabara ikikauka nipigie, nitakungoja Masalani."